Nyama Uzembe za Mikono: Upasuaji Unaofaulu Pale Usipojulikana

Mtu aliyetoka kilo 120 hadi 70 huwa na mengi ya kushukuru. Sukari imeshuka, presha imetulia, ngazi za ghorofa ya tatu anazipanda bila kuhema. Lakini akiinua mkono kusimamisha daladala, ngozi iliyokuwa imejaa mafuta inaning'inia kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko. Inatikisika gari likiruka shimo, inabanwa na mikono ya blauzi, na wakati wa joto inasuguana na ubavu hadi kutoa vipele. Ndiyo maana wapo wanaovaa mikono mirefu Dar es Salaam mwezi wa pili, jua likiwa la utosi.

Wengi hurudi mazoezini wakiamini kwamba kunyanyua vyuma kutaikaza. Vyuma hukuza misuli, na misuli ikijaa hupendezesha mkono, lakini ngozi ina mambo yake. Uimara wake unatokana na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni na elastini. Zikivutwa kwa miaka mingi na uzito, au zikichoka kwa umri na jua, nyuzi hizo hukatika na kupoteza nguvu ya kujirudi. Hakuna krimu, mafuta ya nazi wala mkanda wa kubana unaoziunganisha upya. Ngozi iliyozidi sana huondoka kwa kukatwa tu. Swali linalobaki ni hili: mtu akikatwa ngozi kuanzia kwapa hadi kiwiko, afanyiwe nini ili abaki na mkono unaoonekana kuwa wake?

Madaktari huuita upasuaji huu brakioplasti. Kama upasuaji wa urembo ulielezwa mwaka 1954 na madaktari wawili wa Argentina, Correa-Iturraspe na Fernandez, na kwa miongo kadhaa ulibaki wa wachache. Sababu ni kovu. Tumbo likipunguzwa, mshono unafichwa na nguo ya ndani. Mkono hauna pa kufichia, na walioona makovu mapana ya zamani waliamua kuishi na ngozi yao.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne hii. Chama cha madaktari wa upasuaji rekebishi cha Marekani kilitangaza mwaka 2013 kwamba wanawake waliofanyiwa upasuaji huo nchini humo walikuwa zaidi kidogo ya 300 mwaka 2000, na mwaka 2012 walizidi 15,000. Magazeti yalilitaja sana jina la Michelle Obama, ambaye mikono yake iliyojengeka kwa mazoezi ilikuwa gumzo la miaka ile. Sababu kubwa zaidi ilikuwa vyumba vya upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula: watu walikuwa wakipoteza kilo 40, 50, hata 80 kwa muda mfupi, na ngozi haikuweza kuufuata mwili kwa kasi hiyo. Tangu mwaka 2021, semaglutidi iliporuhusiwa Marekani kama dawa ya kupunguza uzito, kundi hilo limeongezeka.

Afrika Mashariki nayo imo. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, watu huwekewa puto tumboni ili wapunguze uzito, na huduma za upasuaji rekebishi na wa urembo zimeongezwa. Nairobi ina madaktari bingwa wa fani hiyo katika hospitali za umma na za binafsi. Kwa hiyo mazungumzo ambayo zamani yalihusu safari ya India au Uturuki sasa yanafanyika nyumbani, na msomaji anahitaji kujua cha kutazama.

Mkono uliofanyiwa kazi mbaya hutambulika kwa mbali. Huwa mwembamba kupita kiasi katikati, umeminywa kati ya bega pana na kiwiko kinene. Mtu akiinua mikono, kovu linavuta kwapani mfano wa kamba. Au ngozi imekazwa hadi inang'aa, na mshono, kwa kuvutwa kila siku, umetanuka ukawa na upana wa kidole. Wakati mwingine mkono wenyewe umetoka vizuri, lakini mkunjo wa ngozi chini ya kwapa, ubavuni, umeachwa ukining'inia kwa sababu daktari aliishia pale mkono unapoishia.

Nyingi ya kasoro hizo hutokana na kukata bila kupima mwili mzima. Mkono wa mwanamke wa miaka 45 haupaswi kurudi kuwa wa binti wa miaka 18. Mkono wa asili una mafuta kidogo chini ya ngozi, unapungua taratibu kutoka bega hadi kiwiko, na ngozi yake husogea mtu anapoishika. Daktari mzuri anayalinda mambo hayo matatu, na ili ayalinde hana budi kuacha kitu. Mgonjwa anayeomba akazwe hadi mwisho anaomba, bila kujua, kovu pana na mkono mkavu.

Hatua ya kwanza ni kujua tatizo ni la nani kati ya mafuta na ngozi. Mwaka 1998 madaktari Teimourian na Malekzadeh walichapisha mgawanyo wa makundi manne ambao bado unawaongoza wengi. Mwenye mafuta ya wastani na ngozi inayojirudi vizuri hahitaji kisu kirefu, anahitaji kufyonzwa mafuta kupitia vitundu vidogo. Mwenye mafuta na ngozi iliyolegea kiasi anaweza kufyonzwa na kukatwa kidogo. Aliyepungua sana, ambaye mafuta yameisha na ngozi imebaki tupu, ndiye wa mshono mrefu. Wapo pia wale ambao ulegevu wao uko karibu na kwapa tu, na hao wanaweza kusaidiwa kwa kovu fupi linalofichika ndani ya mikunjo ya kwapa.

Ugumu huanza watu wanapochagua kovu badala ya kuchagua tiba. Mtu mwenye ngozi iliyolegea hadi kiwikoni akisisitiza afanyiwe mshono mfupi wa kwapani, hupata mikunjo iliyokusanyika juu na ulegevu ule ule chini. Na aliyelegea ngozi akifyonzwa mafuta peke yake, ngozi huning'inia zaidi kuliko mwanzo.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya nusu kaputi, mgonjwa akiwa amesimama au ameketi wima mbele ya daktari mwenye kalamu ya wino. Mikono huinuliwa pembeni usawa wa bega, viwiko vikakunjwa, kwa sababu ni katika mkao huo ngozi inaning'inia jinsi inavyoning'inia kweli. Akilala, kila kitu kinahama. Daktari huchora kwanza mahali atakapotaka kovu likae, kisha hufinya ngozi na mafuta kati ya kidole gumba na vidole vingine, sehemu baada ya sehemu, akiweka alama juu na chini. Alama hizo zikiunganishwa hutoa umbo la jani refu.

Hapo ndipo makosa mengi ya zamani yalipozaliwa. Vidole vinapofinya nyama haviwezi kugusana. Katikati kuna unene wa sentimita kadhaa. Daktari akikata moja kwa moja kwenye alama zile, ncha mbili za ngozi zitahitaji kuufunika unene huo nazo hazitafika, au zitafika kwa kuvutwa mno. Al Aly, daktari wa Marekani aliyeshughulika kwa miaka mingi na watu waliopungua sana, alieleza mwaka 2006 pamoja na wenzake namna ya kulitatua: kuchora jani la pili ndani ya lile la kwanza, likiwa limesogezwa ndani kila upande kwa nusu ya unene uliofinywa. Tofauti ya mistari hiyo miwili inaweza kuwa upana wa kidole kimoja tu, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama mshono utatulia au utatanuka.

Ndani ya chumba cha upasuaji, mambo matatu hutenganisha kazi nzuri na ya kubahatisha.

La kwanza ni kuubebesha mzigo tabaka la ndani. Chini ya ngozi kuna utando mwembamba lakini imara unaoshikilia mafuta. Mwaka 1995 Ted Lockwood, daktari wa Kansas, alionyesha kwamba ulegevu wa mkono unatokana kwa sehemu kubwa na utando huo kulegea pale unaposhikamana na kwapa, na kwamba ukivutwa na kushonwa kwenye tishu ngumu za kwapani, nguvu ya kuinua mkono hubebwa na utando na ngozi ya juu hufungwa bila kuvutwa. Kovu lisilovutwa hubaki jembamba. Kanuni hiyo sasa hutumika mwili mzima, kuanzia tumbo hadi mapaja.

La pili ni kulinda kilicho chini. Ndani ya mkono hupita mshipa wa fahamu unaoipa ngozi ya upande wa ndani wa mkono wa chini uwezo wa kuhisi. Uchunguzi wa Knoetgen na Moran, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba mshipa huo hujitokeza karibu na ngozi wastani wa sentimita 14 juu ya mfupa wa kiwiko wa upande wa ndani. Kuanzia hapo hadi kiwikoni, kisu kikizama kupita kiasi mtu hubaki na ganzi au maumivu ya kuchoma yasiyoisha haraka. Kwa hiyo madaktari huacha tabaka la mafuta juu ya misuli. Pascal na Le Louarn, Wafaransa wawili, walilisogeza wazo hilo mbele mwaka 2005 kwa kufyonza kwanza mafuta ya eneo litakalokatwa, kisha kuondoa ngozi peke yake na kuacha chini yake mtandao wa mishipa ya damu na ya limfu ukiwa mzima. Uvimbe hupungua, na mkono hubaki na ule ulaini wa asili.

La tatu ni mwendo. Mkono ukishafunguliwa huvimba upesi kuliko sehemu nyingine nyingi za mwili, na ngozi iliyotosha dakika ishirini zilizopita inaweza isitoshe tena. Daktari aliyekata eneo lote kwa mara moja anaweza kujikuta hawezi kulifunga. Ndiyo maana wengi hukata kipande kimoja, hukibana kwa pini za muda, hutazama umbo, hukishona, kisha huenda kwenye kinachofuata, kama fundi cherehani anavyopiga pini nguo ikiwa mwilini kabla ya kuipitisha kwenye mashine. Mkono wa pili hupimwa kwa ule wa kwanza. Usawa kamili haupo, kwa kuwa hata kabla ya upasuaji mikono ya mtu huwa imetofautiana, ila tofauti isiwe ya kuonekana mtu akivaa blauzi isiyo na mikono.

Kwapani mshono haupaswi kupita ukiwa umenyooka. Makovu hujikunja yanapokomaa, na mstari mnyoofu unaokatiza kwapa hugeuka kamba inayozuia mkono kuinuka. Njia mojawapo ni kuuvunja mstari kwa umbo la herufi Z. Nyingine, iliyoelezwa na Dennis Hurwitz wa Pittsburgh, ni kuukunja kwa umbo la herufi L na kuushusha ubavuni, na hapo mkunjo wa ngozi wa pembeni mwa kifua huondolewa pamoja na ule wa mkono. Kwa aliyepungua sana, hatua hiyo ya ubavuni huleta tofauti kubwa kuliko anavyotarajia.

Kovu likae wapi? Hakuna jibu moja. Likiwekwa upande wa ndani wa mkono, kwenye bonde kati ya misuli ya mbele na ya nyuma, halionekani mikono ikiwa chini, na huonekana mtu akiinua mkono kuchana nywele au kuandika ubaoni. Likiwekwa nyuma zaidi, mwenyewe halioni akijitazama kwenye kioo na aliye mbele yake halioni, lakini aliyeketi nyuma yake kanisani au darasani ataliona. Ngozi ya ndani ni nyembamba na laini, ya nyuma ni nene zaidi. Uamuzi huu ni wa mgonjwa na daktari kwa pamoja, na ufanyike mbele ya kioo siku nyingi kabla ya upasuaji.

Kwa msomaji mwenye ngozi nyeusi, suala la kovu lina uzito wa ziada. Keloidi, yaani kovu linaloota na kuvimba kupita mipaka ya jeraha, huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa kiwango kikubwa kuliko watu weupe. Dalili zake mara nyingi ziko mwilini tayari. Daktari makini ataangalia sikio lilipotogwa, mshono wa uzazi, alama ya chanjo ya kifua kikuu mkononi, na ataulizia kuhusu wazazi na ndugu. Aliyeota keloidi mahali pengine ana sababu nzito ya kufikiria upya mshono wa sentimita 20 au zaidi katika kila mkono. Hata asiye na keloidi, kovu lake linaweza kubaki jeusi kwa miezi mingi kabla ya kufifia.

Matunzo yake yanajulikana. Kidonda kikishafunga, karatasi za silikoni huvaliwa kwa miezi kadhaa. Kovu linaloanza kuinuka huchomwa sindano ya dawa jamii ya steroidi kabla halijakomaa. Jua huepukwa au hukingwa kwa losheni. Kupaka dawa za kujichubua juu ya kovu bichi huliharibu. Kovu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kukomaa, kwa hiyo picha ya mwezi wa pili haisemi mengi.

Hatari nyingine zisifichwe. Takwimu za wagonjwa 2,294 wa Marekani zilizochapishwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba asilimia 3.4 walipata matatizo makubwa, yale ya kumrudisha mtu hospitalini au kwenye chumba cha upasuaji, na maambukizi yaliongoza kwa asilimia 1.7. Matatizo madogo ni ya kawaida zaidi: mshono kuachia kidogo karibu na kwapa, majimaji kujikusanya chini ya ngozi, kovu kutanuka, ganzi ya muda. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani au kupigwa mionzi kwa ajili ya saratani ya matiti ana hatari ya mkono kuvimba kwa kudumu, na mara nyingi atashauriwa aache.

Matokeo mazuri hujengwa pia na mgonjwa mwenyewe, miezi kabla ya siku yenyewe. Uzito uwe umetulia kwa angalau miezi 3 hadi 6. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, madaktari wengi husubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Anayekatwa ngozi huku bado anapungua atalegea tena, na atakayerudisha kilo 20 ataitanua upya. Waliopungua kwa kasi mara nyingi wamepungukiwa protini, madini ya chuma na vitamini B12, na bila virutubisho hivyo kidonda hakiponi vizuri. Sigara iachwe wiki 4 kabla na iendelee kuachwa baadaye, kwani nikotini hubana mishipa ya damu inayolisha kingo za ngozi. Mwenye kisukari aingie akiwa na sukari iliyodhibitiwa.

Baada ya hapo ni uvumilivu wa kila siku. Mikono huinuliwa juu ya mito, nguo maalumu ya kubana huvaliwa kwa wiki kadhaa, na kazi za ofisini zinaweza kurudiwa ndani ya wiki moja au mbili. Kubeba ndoo ya maji, kumfunga mtoto mgongoni, kutwanga na kuanika nguo kwenye kamba iliyo juu husubiri wiki 4 hadi 6. Katika nyumba nyingi kazi hizo ni za mgonjwa huyo huyo, kwa hiyo msaidizi atafutwe mapema. Mshono wa kwapani unaweza kuachia mtu aliyejiona amepona anaponyoosha mkono kuchukua kitu kabatini.

Kuhusu nani wa kumkabidhi mwili, kuna mahali pa kuuliza. Tanzania Bara ina Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ina baraza lake la madaktari na madaktari wa meno, na Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, hufundisha na kutahini mabingwa wa upasuaji rekebishi wa ukanda huu. Jina la daktari linaweza kuthibitishwa kabla ya kulipa hata shilingi moja. Saluni, au nyumba ya kupanga yenye kitanda na taa, si mahali pa kufanyia upasuaji wa nusu kaputi, hata bei ikiwa nusu.

Mbele ya daktari, mgonjwa aombe picha za watu wenye rangi ya ngozi inayofanana na yake, zilizopigwa baada ya mwaka mmoja, mikono ikiwa imeinuliwa na kutoka nyuma pia. Aulize atakatwa ngozi kiasi gani na kwa nini si zaidi, kovu litapita wapi, kwapani litavunjwa kwa umbo gani, na mkunjo wa ubavuni utafanywa nini. Aulize pia kuhusu marekebisho, kwa sababu hata mikononi mwa mabingwa baadhi ya makovu huhitaji kuguswa tena, kwa kawaida baada ya mwaka kupita na mara nyingi kwa ganzi ya sehemu tu. Gharama za marekebisho hayo, na nani atazilipa, ziandikwe kwenye makubaliano kabla ya siku ya upasuaji.